Mchumaji Akianguka, Dhamana ni ya Nani?



Msimu unakaribia, na afisi yetu imekwisha kuanza kupokea maswali ya kila mwaka: majamvi, magunia, ngazi, bei. Lakini liko swali moja ambalo huja mwisho, mtu akisha kusimama kutaka kwenda zake, tena huulizwa kwa sauti ya chini: "Yule niliyemtia shambani kuchuma akianguka mkarafuuni, sheria yanitaka nini?" Twaona yafaa tulijibu hapa kwa wote. Wengi katika sisi ni waajiri kwa miezi miwili mitatu ya mwaka bila ya kujijua kuwa ni waajiri, na wengine wetu, kazi ya shamba lao ikisha, huenda kuchuma kwa jirani wakawa ni waajiriwa. Basi jambo hili latuhusu kwa pande zote mbili.

Kwa kawaida jibu hutolewa pale pale shinani, kabla mtu hajapanda. Mwenye mti husema, "Panda, lakini ukianguka shauri yako." Mchumaji hucheka, akasema Mungu atamnusuru, akajifunga kikapu chake akapanda. Wote wawili huamini kwamba maneno yale yamekwisha kukata shauri. Sivyo. Mbele ya sheria maneno hayo hayana uzito wa konyo moja.

Wala si sisi tulioyabuni. Uingereza yalipata kusemwa na jaji, kwa lafudhi nyingine. Mwaka 1835 kijana mmoja, Charles Priestley, alikuwa akimfanyia kazi muuza nyama aitwaye Fowler. Siku moja gari la bwana wake lilipakiwa kupita kiasi, likavunjika njiani, naye Priestley akavunjika paja. Raia walioketi kuisikiliza kesi walimpa paundi 100. Bwana wake hakuridhika, na mwaka 1837 mahkama ya juu, chini ya Lord Abinger, ilimnyang'anya kijana ushindi wake. Hoja ilikuwa kwamba mtumishi halazimishwi kuitia roho yake khatarini. Kama gari limejaa mno angeweza kukataa kulipanda. Aliyeikubali kazi, ameikubali na khatari yake. Hiyo ndiyo "shauri yako" yenyewe, ila imevikwa joho.

Kwa muda wa miaka 60 hivi mfanyakazi wa Uingereza aliyeumia alikuwa akirudishwa nyuma kwa hoja tatu: ama alijua kuwa kazi ni ya khatari, ama aliyemponza ni mfanyakazi mwenziwe wala si bwana, ama yeye mwenyewe alizembea kidogo. Ilikuwa shida kweli kweli kupita katikati ya hoja tatu hizo na mguu uliovunjika. Wadachi ndio waliotangulia kuubadilisha mwendo huo. Mwaka 1884, katika zama za Bismarck, Ujarumani ilitunga sheria ya kuwataka waajiri wachange mfuko, na mfanyakazi aliyeumia kazini alipwe bila ya kuulizwa kosa ni la nani. Uingereza ikatunga sheria yake mwaka 1897. Sheria hiyo ilianza na njia za reli, migodi, viwanda na kazi nyingine za khatari, ikawaacha watu wa mashamba. Lakini baada ya miaka 3 tu, yaani mwaka 1900, na wao wakaingizwa. Na mwaka 1921 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Mkataba Namba 12, ambao shabaha yake ni moja: nchi yenye sheria ya fidia kwa wafanyakazi iwatie ndani na wale wanaofanya kazi ya shamba kwa ujira. Katika miaka ya 1940 sheria za namna ya ile ya Kiingereza zilitungwa Kenya, Uganda na Tanganyika.

Tumeirudia khabari hii ya zamani kwa sababu ndani yake mna mapatano ambayo wengi wetu hatujapata kuelezwa. Mfanyakazi aliacha kitu na mwajiri aliacha kitu. Mwajiri aliacha haki ya kusema "si kosa langu". Mfanyakazi naye akakubali kwamba kiasi cha fidia kitapimwa kwa kipimo kilichowekwa, wala hatadai kila alichonacho tajiri wake. Kwa hivyo mwenye shamba asidhani sheria hii ni adui yake. Akishitakiwa nje ya sheria hii, kwa madai ya uzembe (tuseme alimpa mtu ngazi iliyooza huku akijua kuwa imeoza), deni lake halina kipimo kilichochorwa mapema, na yaweza kuwa ni zito kuliko fidia yenyewe.

Hapa kwetu Zanzibar, Baraza la Wawakilishi lilitunga Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Namba 15, mwaka 1986, na mwaka 2005 ikafanyiwa marekebisho. Mwaka huo huo wa 2005 ndio ilipotungwa Sheria ya Ajira, Namba 11, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini, Namba 8. Watu huchanganya hizi na sheria ya Tanzania Bara, Namba 20 ya mwaka 2008, ambayo ndiyo iliyouanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliofungua kazi mwaka 2015. Mfuko ule ni wa Bara. Kijana wa Wete akienda kufanya kazi Tanga na mwajiri wake wa huko, akaumia huko, atatazama huko. Mchumaji wa shamba la Pemba hawezi kupeleka madai yake kule.

Sasa tuje kwenye lile linalotutatiza khasa: nani ni mfanyakazi, na nani ni mwajiri wake?

Kwanza, neno "kibarua". Mtu husikia akisema, "Huyu si mfanyakazi wangu, ni kibarua tu," kana kwamba kibarua ni kiumbe wa namna nyingine. Zile sheria zilizotokana na ya Kiingereza ziliwaacha nje baadhi ya vibarua, ni kweli, lakini kwa sharti mbili zikutane pamoja: kazi iwe ya kubahatisha, tena isiwe kwa ajili ya biashara ya anayemwajiri. Mtu uliyemwita siku moja akuondolee kiota cha mavu darini mwako, huyo ni suala jingine. Lakini kuchuma karafuu ndiyo biashara yako yenyewe. Karafuu hazishuki mtini peke yake, na mtu anayekuchumia yu katikati ya kazi yako, hata ikiwa ni kwa siku mbili.

Pili, ujira wa kipimo. Wachumaji wetu hulipwa kwa pishi au kwa kilo, si kwa mwezi. Wako wanaodhani kuwa kwa sababu hiyo mchumaji ni mfanyabiashara wa mikono yake mwenyewe. Namna ya kuhesabu ujira haimgeuzi mtu. Kinachotazamwa ni nani aliyemwambia aanze mti gani, nani aliyetoa ngazi na kamba, nani aliyepima jioni, na karafuu zile zilipoanikwa zilikuwa za nani.

Tatu, na hapa ndipo penye fundo, mikarafuu iliyokodishwa. Mwenye miti huikodisha kwa mtu kwa msimu mmoja. Mkodi hulipa fedha zake, akaleta watu wake, akachuma, akauza. Mmoja wa wachumaji hao akianguka, mlango wa kwanza wa kubishwa ni wa mkodi, kwani yeye ndiye aliyewaajiri. Lakini angalieni: ikiwa mkodi ni jina tu, na mwenye miti ndiye anayelipa, anayepima na anayeamrisha, karatasi ya ukodi haitamficha. Na ikiwa hapakuandikwa kitu chochote, kama ilivyo desturi yetu mbaya, basi mchumaji mwenye mguu uliovunjika atatumwa kwa huyu, atatumwa kwa yule, mpaka msimu uishe na watu watawanyike. Twawashauri wanachama wanaokodisha miti yao waandike mstari mmoja tu katika hati ya ukodi: nani anawaajiri wachumaji, na nani atabeba dhamana yao.

Yuko pia jamaa aliyekuja kusaidia. Shemeji, mpwa, jirani wa kuchumiana leo kwangu kesho kwako. Ambaye hakuahidiwa ujira, kwa kawaida hahesabiwi kuwa mfanyakazi, ingawa ubinadamu na ujamaa vina hukumu zao. Lakini mpwa anayelipwa kwa pishi sawa na wengine ni mchumaji kama wengine. Kuhusu watoto tutasema kwa ufupi: kufungwa kwa skuli wakati wa karafuu hakukumpa mtu ruhusa ya kumpandisha mtoto katika mti wa futi 40. Waachieni kuokota na kuchambua.

Tukirudi kwenye "shauri yako": mtu mzima aliyekubali kwa ulimi wake mbele ya mashahidi, kwa nini asishikwe na kauli yake? Kwa sababu sheria za fidia hukataza mfanyakazi kuiuza haki hii kabla hajaumia. Mapatano ya kuiacha, yawe ya mdomo au ya kutiwa dole gumba, ni batili. Watungaji wa sheria walijua vizuri kwamba mtu anayetaka chakula cha jioni atakubali lolote asubuhi.

Kinachotakiwa kuthibitishwa ni mambo mawili tu, kwamba aliumia kwa ajali, na kwamba ajali ilitokana na kazi tena akiwa kazini. Tawi la mkarafuu hukatika bila ya kulia, kila mmoja wetu anajua, na mtu aliyeanguka nalo hahitaji kuonesha kuwa mwenye shamba alikosea. Aliyekwisha kushuka, akapokea ujira wake, akaenda zake mpirani akavunjika huko, huyo hana dai kwako. Na aliyejiumiza kwa makusudi, au aliyepanda hali amelewa, aweza kukataliwa. Ijapokuwa katika sheria za namna hii, utovu wa adabu wa mfanyakazi haumzuilii fidia pale ajali ilipomuua au kumtia kilema kikubwa cha maisha. Kuteleza kwa haraka, kukanyaga tawi bovu, kusahau kufunga kamba, hayo si makusudi. Hayo ndiyo ajali.

Deni la mwajiri lina sehemu zake. Kuna matibabu. Kuna ujira, au sehemu yake, kwa muda ambao mtu amelala hawezi kazi. Kuna malipo ya kilema kinachobaki baada ya kupona, ambacho daktari hukipima kwa kiasi cha kadhaa kwa mia. Na mtu akifa, kuna gharama za mazishi na fidia kwa waliokuwa wakimtegemea. Viwango vya fedha hubadilishwa mara kwa mara, basi vile vinavyotumika kwa wakati huo vitazamwe Kamisheni ya Kazi, na asitoke mtu na kiasi alichokisikia barazani.

Kwa hili la mauti pana jambo moja la kuangaliwa. Fidia hii si mirathi. Mirathi ni mali ya marehemu na hugawiwa kwa mafungu tunayoyajua. Fidia ni badala ya mkono uliokuwa ukiwalisha watu, na hutazama nani alikuwa akilishwa. Mama mzee aliyekuwa akimtegemea mwanawe hapitwi na kaka mwenye duka lake, ati kwa kuwa kaka ndiye aliyesimama mbele ya watu siku ya hitima. Kabla ya kumkabidhi mtu fedha, mwajiri apitie afisi ya kazi. Akimpa asiyestahiki, aweza kutakiwa kulipa mara ya pili.

Sehemu ya ujira ndiyo inayoleta magomvi mengi, na sababu yake ni hesabu. Kwa ajili ya mfano tu, tuseme kilo moja ya karafuu mbichi huchumwa kwa shilingi 1,000. Mtu amechuma siku 12, akaleta kilo 240. Hizo ni shilingi 240,000, ukigawa kwa siku 12 unapata 20,000 kwa siku, na juu ya hiyo ndipo fidia yake itakapojengwa. Lakini kama hapana daftari, mwenye shamba atasema, "Huyu alikuwa hapati hata kilo 10," na mchumaji atasema, "Nikileta 40." Kati ya 10,000 na 40,000 kwa siku hakuna wa kuwaamua isipokuwa kumtazama mchumaji mwingine wa kadiri yake katika sehemu ile ile, anapata kiasi gani. Mwenye daftari hana haja ya kufika huko. Ajabu ni kwamba sote tunapima kila jioni, na wengi tunaandika, kisha karatasi tunafungia bizari.

Sasa, siku ya ajali yenyewe. Aliyeanguka kutoka juu asinyanyuliwe kwa kushikwa makwapa, wala asikalishwe aulizwe wapi panamuuma. Shingo na uti wa mgongo vyaweza kuwa vimevunjika, na kunyanyuliwa huko kwaweza kummaliza. Aachwe amelala alivyo, aletewe ubao au mlango, watu wanne wamteleze juu yake pamoja bila ya kumpinda, apelekwe hospitali: Chake Chake, Wete, au Abdalla Mzee pale Mkoani, ipi iliyo karibu.

Twasema hospitali, na twajua kuwa wengi wataanza kwa mganga wa kuunga mifupa. Hatukuja hapa kuwakejeli waganga; wako watu wanaotembea leo kwa mikono yao. Lakini mganga hatoi karatasi. Miezi 3 baadaye, mfupa umeunga vibaya na mguu mmoja ni mfupi, mtu atakwenda kudai, ataulizwa: aliyekuona siku ile ni nani, aliandika nini? Bila ya cheti cha daktari hapana wa kukisia kilema ni kadhaa kwa mia, na dai la haki kabisa laweza kufa hapo. Kwa mwenye shamba pia cheti ni ngao, kwani bila ya hicho kilema cha zamani chaweza kuletwa kwake kuwa ni kipya. Basi hospitali iwe kwanza, na gharama ya gari aitoe mwajiri bila ya kungoja kuombwa.

Siku hiyo hiyo, au ya pili yake, sheha apewe khabari. Sheha si hakimu wa jambo hili, lakini barua yake yenye tarehe, jina la shamba na majina ya watu wawili waliokuwa chini ya mti, ni ushahidi ambao hautasahau. Kisha mwajiri apeleke khabari ya ajali afisi ya kazi, mapema kadiri iwezekanavyo, naye aliyeumia amjulishe mwajiri kwa maandishi, hata kwa mkono wa mtu mwingine. Kukawia ndiyo kosa linalowapoteza wachumaji wengi, khasa wanaotoka mbali, ambao msimu ukisha hupanda chombo wakarudi kwao na maumivu yao. Pande mbili zikishindwa kuelewana, Kamisheni ya Kazi ndiyo mahala pa kuanzia, na asiye na uwezo wa wakili aweza kuuliza Kituo cha Huduma za Sheria, ambacho kipo tangu mwaka 1992.

Kila unachokitoa kwa mgonjwa, kiandikwe. Dawa, nauli, unga aliopelekewa mkewe. Mwanachama mmoja alituambia ametumia fedha nyingi sana kwa mtu wake, nasi twamsadiki, lakini hana hata risiti moja, na mbele ya wasuluhishi fedha hizo ni kama hakuzitoa. Tena asimtake mgonjwa aliyelala kitandani kutia saini kwamba "sina dai tena". Karatasi ya namna hiyo, iliyoandikwa kabla daktari hajapima kilema, itarudi kumwaibisha aliyeiandika.

Imepata kutokea misimu mingine kwamba Shirika la ZSTC likawapa mkono wa fedha watu walioanguka mikarafuuni. Hilo ni jema na twalishukuru. Lakini mwenye shamba asilifanye kuwa ndiyo bima yake, maana msaada hutolewa kwa kadiri ya mtoaji, na wajibu wa mwajiri hukaa pale pale.

Bima ya kweli hununuliwa. Shirika la Bima la Zanzibar lipo tangu mwaka 1969, na bima ya fidia kwa wafanyakazi ni miongoni mwa zile zinazouzwa na mashirika ya bima. Taabu yetu ni kwamba mwenye mikarafuu 30 hawezi kwenda peke yake kukata bima ya wachumaji 4 kwa wiki 6. Gharama na usumbufu vitamshinda. Wenye mashamba 50 wakienda pamoja, na orodha moja ya wachumaji, ni mazungumzo mengine. Halmashauri italiweka jambo hili mbele ya mkutano wa wanachama kabla ya msimu, na hapo kila mmoja atasema lake. Sisi hatufichi kwamba twalipenda.

Ili mazungumzo hayo yawe na maana, twahitaji hesabu. Kila mwanachama amletee katibu wa tawi lake idadi ya watu waliomchumia msimu uliopita, siku walizofanya kazi, na kama palitokea ajali yoyote, hata ya kuteguka mkono. Majina ya wenye mashamba hayatatajwa. Makatibu watakuwa na madaftari yaliyokwisha kupigwa mistari: jina la mchumaji na kwao, tarehe, kilo, ujira, saini au dole gumba, na nafasi pembeni ya kuandika ajali. Daftari moja latosha wachumaji 20 kwa msimu mzima.